Tablo ya saa njo mizani yetu

Makreseri wa kwetu wako na sheria moja ambayo hakuna mutu aliwaandikia: ukifika ku depo na mifuko yako, macho isitoke ku mizani. Mununuzi anaweza kukupa maji ya kunywa, anaweza kukuuliza habari ya bibi na ya watoto. Wewe unajibu kwa heshima, unakunywa maji, lakini macho inabaki palepale, ku mizani. Juu kilo yako njo bunga ya nyumba yako.

Sisi wa baji na wa posti, sisi wenye kulipwa ku mwisho wa mwezi, tunaonaka kama hiyo haituhusu. Hatuuzishe kilo. Lakini sisi vilevile tunauzisha kitu: tunauzisha saa zetu. Na saa zetu ziko na mizani yao. Haiko ku mulango wa mine, haiko kule chini ndani ya shimo. Iko mu biro, ndani ya ordinatere, mu tablo ya Excel ambayo karani wa mushahara anafungua kila mwezi. Na ile mizani, ndugu zetu, hakuna mutu wetu anaiangalia.

Leo tunataka kusema juu ya hiyo tablo. Najua wengi watasema: mambo ya ordinatere ni ya watu wa biro, sisi kazi yetu ni mawe. Tulisema vile vile kwa miaka mingi, sisi madelege wa sindika. Tulikosea. Na kukosea kwetu kulikula feza ya watu.

Tuanze na sheria, juu njo inatupa haki ya kuuliza. Sheria ya kazi ya 16 Oktoba 2002, ile walirekebisha mwaka 2016, inasema kazi isipite saa 45 mu juma moja. Kinachopita pale ni saa za ziada, na saa za ziada zinalipwa kwa bei ya juu kuliko saa za kawaida. Sheria inasema tena kwamba saa zinahesabiwa tangu wakati mufanyakazi iko pa kazi, tayari kwa kutumika, mpaka wakati kazi inaisha. Safari ya kutoka nyumbani haimo, isipokuwa kama safari yenyewe ni sehemu ya kazi. Na kila mara mukubwa analipa, anapashwa kumupa mufanyakazi hesabu iliyoandikwa. Ile hesabu njo tunaita fishi ya mushahara.

Sasa mambo yenyewe. Mu kampuni moja yenye kuchukua kazi kwa kampuni kubwa, jina hatutalitaja, dereva mumoja wa kamyo kubwa ya mawe alikuja kutuona na kaye ya shule. Kaye ya mutoto wake, ile yenye meza za kuzidisha ku mugongo. Kila siku aliandika ndani saa ya kuingia na saa ya kutoka. Aliingia saa 06:00, akatoka saa 15:00. Ukitosha nusu saa ya kula, inabaki saa 8 na dakika 30. Siku sita mu juma. Akatuuliza: «Bandugu, miye minatumika juma nzima, siku ya kupumuzika ni moja tu. Juu ya nini ku fishi yangu, pa saa za ziada, kila mwezi iko zero?»

Tukaomba fishi za wengine wa ekipe yake. Zero. Za ekipe ya pili. Zero. Miezi mitatu nyuma, zero mutupu.

Tukakaa mangaribi moja kwa mwenzetu, mutoto wake mwanafunzi akatufungulia ordinatere. Tukaandika siku za dereva mumoja mumoja: 8,30, tena 8,30, mpaka mara sita. Mashini ikajumlisha: 49,80. Tukatosha 45, ikabaki 4,80. Tukasema: basi kampuni inamudai mutu huyu saa 4 na kitu kila juma. Tukaandika barua, tukapiga muhuri wa sindika, tukaenda ku biro na hasira mu kifua.

Karani wa mushahara alitupokea vizuri. Ni kijana, ametoka shule hapa hapa, na mama yake ni wa kambi yetu. Akasoma barua yetu, akasema: «Bababa, mashini haikosake.» Akageuza ekra ya ordinatere, tukaona tablo. Musitari wa dereva ulikuwa pale: 8:30, 8:30, 8:30, mara sita, na ku mwisho wa musitari jumla: 51:00. Kando yake, kisanduku cha saa za ziada: 0:00.

Tukanyamaza. Juu tuliona vitu viwili kwa mara moja. Cha kwanza: tablo yake yenyewe ilisema saa 51, na 51 inapita 45, hata mutoto wa darasa la pili anajua. Cha pili: tablo yake ilisema 51 na barua yetu ilisema 49,80. Hesabu zote mbili zilikuwa na kosa, yake na yetu.

Kosa letu njo tutaanza nalo, juu mutu asiyeonyesha kosa lake hana ruhusa ya kuonyesha la mwenzake. Karani alituuliza: «Ile 8,30 muliandika, ni nini?» Tukajibu: saa 8 na dakika 30. Akasema hapana. Kwa mashini, namba yenye koma inahesabiwa kwa kumi na kwa mia, sawa franka. Lakini saa moja haina dakika mia, iko na dakika 60. Nusu saa ni 0,5, hapana 0,30. Ile 0,30 ya saa ni dakika 18 tu. Kwa hiyo kila siku sisi wenyewe, sisi wateteaji, tulimuibia dereva dakika 12. Kwa siku sita, saa 1 na dakika 12. Kwa majuma kumi na mbili, saa 14 na dakika 24. Yule tulienda kushitaki njo alituokoa.

Kama unataka kuandika saa mu Excel, kuna njia mbili, na usizichanganye. Ama unaandika saa kama saa, na nukta mbili katikati: 8:30. Ama unaandika kama namba, na koma: 8,5. Robo saa ni 0:15 ama 0,25. Dakika 45 ni 0:45 ama 0,75. Na usiandike 8h30 sawa tunaandikaka ku kaye na ku barua. Ile herufi h inageuza kila kitu kuwa maneno. Mashini inaona neno, sawa ungeandika jina la mutu. Ukifika ku jumla, fomula ya SOMME inaruka ile neno bila kukuambia kitu. Siku moja ikiandikwa vile kati ya siku sita, jumla inatoka 42:30 pahali pa 51:00, na hakuna alama yoyote nyekundu ya kukuonya. Kidokezo ni hiki: kama mutu hakugusa mupango wa visanduku, namba na saa zinaketi upande wa kuume wa kisanduku, maneno yanaketi upande wa kushoto. Saa inayoketi kushoto haihesabiwe.

Sasa kosa la karani. Tukamuomba afinye ku kisanduku cha saa za ziada, tuone fomula. Akafinya. Ku musitari wa juu kukatokea: =SI(F2>45;F2-45;0). Kwa kiswahili chetu: kama jumla inapita 45, tosha 45 na uandike kinachobaki; kama haipite, andika zero. Ukisoma vile, ni sawasawa kabisa. Sisi wote tulitikisa kichwa. Njo mutoto wa mwenzetu, yule mwanafunzi, tulikuwa tumemuleta kwa kubeba karatasi, akasema kwa sauti ndogo: «Lakini kwa Excel, moja si saa moja. Moja ni siku moja.»

Hapo njo pahali pote pa mambo haya, musome polepole. Excel haiweke saa kama saa. Inaweka saa kama kipande cha siku. Siku nzima, saa 24, ni 1. Saa 12:00 ni 0,5, nusu ya siku. Saa 6:00 ni 0,25, robo ya siku. Wewe macho yako inaona 6:00, lakini ndani, chini ya ile nguo, kuko 0,25. Na 51:00 ya dereva wetu, ndani yake kuko 2,125: siku mbili na kipande kimoja cha nane.

Rudilia sasa fomula. Mashini inauliza: 2,125 inapita 45? Hapana, haipite. Andika zero. Ile 45 ya karani, kwa mashini, ilikuwa siku 45. Maana yake, ili mufanyakazi wa ile kampuni apate saa moja ya ziada, angepashwa kutumika zaidi ya siku 45, muchana na usiku, ndani ya juma moja. Mutu wa namna hiyo hajazaliwa mu Kongo wala pengine. Ile tablo haikuweza kutoa kitu kingine ila zero, kwa kila mutu, kila juma, milele.

Na dawa yake ni ndogo sana, njo inatuuma. Ama unazidisha jumla kwa 24 ili saa zigeuke namba ya kawaida: =SI(F2*24>45;F2*24-45;0), inatoka 6, na kisanduku cha jibu unakiweka mu mupango wa namba. Ama unaandika 45:00 mu kisanduku kimoja cha pembeni, na fomula inalinganisha saa na saa. Kwa mashini 45:00 ni 1,875. Tosha 1,875 ku 2,125, inabaki 0,25. Robo ya siku. Saa 6. Dereva alisema kweli.

Saa 6 kila juma, kwa majuma kumi na mbili, ni saa 72 kwa mutu mumoja. Ni zaidi ya juma moja na nusu la kazi, bure. Uhesabu sasa ekipe mbili.

Tukafikiri imekwisha. Haijakwisha. Karani akarekebisha ile fomula kwa njia ya pili, kukatokea 6:00, akazidisha na bei ya saa. Tuseme bei ni franka 2 000, kwa mufano tu. Tulingojea 12 000, kabla hata ya kuongeza kile sheria inaongeza. Kukatoka 500. Juu gani? Juu ile 6:00 ndani yake ni 0,25, na 0,25 mara 2 000 ni 500. Karani wa kwanza angelipa ile 500, na mufanyakazi angeona kwamba safari hii saa zake za ziada ziko ku fishi, 6:00, zinang'aa, na angeshukuru. Kwa hiyo mukumbuke sheria hii moja, muiandike ku mulango: saa zikikutana na feza, zidisha kwanza kwa 24.

Wandugu wengine walituuliza: yule kijana aliiba? Sisi tunajibu wazi: hapana. Hakufaidika hata franka moja. Tablo aliikuta, mutu alimuachia, na yule alimuachia pengine na yeye aliikuta. Hakuna mutu alimufundisha. Lakini tunasema tena wazi: mufukoni mwetu haijalishi. Feza iliyopotea kwa kutokujua na feza iliyoibiwa, zote mbili hazinunue bunga, hazilipe minervale. Na kuna kitu kimoja cha kuangalia. Kosa lenye kuumiza mukubwa linaonekana juma la kwanza, watu wa biro wanalitafuta na tochi. Kosa lenye kuumiza mufanyakazi linaweza kulala miaka. Si kwa sababu ya uchawi. Ni kwa sababu upande mumoja unaangalia mizani, na upande mwingine hauangalie.

Tutaje makosa mengine ambayo inapashwa kuangalia, juu kila mine iko na tablo yake.

La kwanza, jumla inayopita saa 24. Kama kisanduku kiko mu mupango wa saa za kawaida, Excel inafanya sawa saa ya ukutani: ikifika 24 inarudilia zero. Saa 45 inaonekana 21:00. Saa 51 inaonekana 03:00. Na mutu wa saa 8 kwa siku sita, saa 48, anaonekana 00:00, sawa hakutoka nyumbani. Hesabu ya ndani haijapotea, ni uso tu unadanganya. Lakini kama karani anasoma ule uso na kuuandika upya mu tablo nyingine kwa mukono, basi imepotea kweli. Mupango wa kutumia ni ule wenye h ndani ya mabano ya pembe, hivi: [h]:mm. Yale mabano njo yanaambia mashini: usirudilie zero, endelea kuhesabu.

La pili, posti ya usiku. Mutu anaingia saa 22:00 anatoka saa 06:00 ya kesho yake. Mashini inatosha 22 ku 6, inakuta hesabu iko chini ya zero, inajaza kisanduku na alama za kama vyuma vya dirisha: ####. Karani akichoka na zile vyuma, anaandika kitu kwa mukono, na kila kitu kinachoandikwa kwa mukono saa za usiku wa mwisho wa mwezi kinaweza kukosa. Fomula nzuri ni =MOD(B2-A2;1), ambamo A2 ni saa ya kuingia na B2 ni saa ya kutoka. Inatoa 8:00, kwa posti ya muchana na kwa posti ya usiku. Ama tena, njia ya uhakika zaidi, unaandika tarehe pamoja na saa mu kisanduku kimoja, ya kuingia na ya kutoka, na mashini inajua yenyewe kwamba usiku umepita.

La tatu, saa za usiku zenyewe. Sheria inahesabia usiku tangu saa 19:00 mpaka saa 5:00 ya asubuhi. Mutu wa 14:00 mpaka 22:00 iko na saa 3 za usiku. Mutu wa 22:00 mpaka 06:00 iko na saa 7. Sasa inchi yetu iko na saa mbili: Lubumbashi na Kolwezi tuko mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Kama mashini ya baji waliipanga ku saa ya Kinshasa, yule wa 14:00 ataonekana 13:00 mpaka 21:00, na atapoteza saa moja ya usiku kila siku. Yule wa 22:00 ataonekana 21:00 mpaka 05:00, na ataongezewa moja isiyo yake. Jumla ya saa ya kila mutu haibadilike, kwa hiyo hakuna mutu atashituka. Ukipita ku mashini ya baji, angalia saa yake, kisha angalia saa ya telefone yako. Ni kazi ya kupepesa jicho.

La nne, kusogeza dakika. Mutu alipiga baji saa 06:04, tablo inaandika 06:15. Alitoka saa 15:11, tablo inaandika 15:00. Kuna fomula za kufanya vile, na kazi yake si mbaya yenyewe, kama sheria ya kusogeza ni moja kwa pande zote mbili na imeandikwa pahali ambapo sisi tunaweza kuisoma. Lakini kama ku kuingia dakika zinasogezwa mbele, na ku kutoka zinasogezwa nyuma, basi ule ni mukasi, unakata ku ncha zote mbili.

Sasa tunafika ku kile tunaomba, juu kulalamika bila kuomba ni kupiga kelele ku mutoni.

Tunaomba kwanza kwamba delegasyo ya sindika ioneshwe tablo yenyewe, na fomula zake, mbele ya siku ya malipo. Si karatasi inayotoka mu mashini. Karatasi inaonyesha uso tu, na mumeona vile uso unaweza kusema 51:00 kando ya 0:00 bila haya. Wakubwa wengine watasema: mule ndani kuko mushahara wa watu, ni siri. Tunakubali, mushahara wa mutu ni siri yake. Lakini saa si siri. Ekipe nzima iliona vile aliingia na vile alitoka. Watupe nguzo za saa na za fomula, pahali pa majina waweke nambari za matrikile, na feza waifunike. Hatutafute kujua nani anapata ngapi. Tunatafuta kujua mizani inapima namna gani.

Tunaomba pili kwamba mu kila tablo kuwekwe musitari mumoja wa mufano, wa mutu asiyekuwako. Kila juma aandikiwe siku sita za 8:30, na posti moja iwe ya usiku. Jibu lake tunalijua sisi wote: saa 51, ziada saa 6. Siku ambayo ule musitari hautoe 51 na 6, tunajua fomula imeguswa, mbele hata mutu wa kweli hajaumia. Hiyo haiombe feza, haiombe mashini mupya. Inaomba dakika tano na nia njema. Karani mwenyewe njo atafurahi wa kwanza, juu itamulinda naye.

Tunaomba tatu kwamba ku fishi ya mushahara isiandikwe tu jumla ya mwezi. Waandike saa za kila juma, saa za usiku, saa za ziada, na bei ya kila aina. Mutu asiyejua Excel anajua kujumlisha juma nne.

Na kwenu ninyi wenyewe tunaomba kitu vilevile, juu si kila muzigo ni wa mukubwa.

Ninyi wa posti, mushike kaye. Andika siku, saa ya kuingia, saa ya kutoka, na dakika za kula. Andika saa ya pa kazi, usiandike saa ya kutoka nyumbani, juu ile ya nyumbani itakushindisha mbele ya wakubwa. Andika siku ile ile, si ku mwisho wa mwezi kwa kukumbuka. Bila ile kaye ya dereva, sisi tungeendelea kunyamaza mpaka leo.

Ninyi mama wa nyumba, siku fishi inafika, musiangalie tu namba ya chini kabisa. Muangalie musitari wa saa za ziada. Kama baba wa nyumba anatumika siku sita na pale iko zero miezi yote, muulize. Muulize yeye, yeye atuulize sisi, sisi tutauliza biro.

Na ninyi vijana, ninyi wa sekisio ya Commerciale et Gestion, ninyi wenye kucheza na ordinatere kutushinda: sindika inawahitaji. Jumamosi moja kwa mwezi, muketi na madelege, muwafundishe kufinya kisanduku na kusoma fomula. Ile siku ku biro, wazee wenye miaka ishirini ya sindika walikaa wanatikisa kichwa, na mwanafunzi aliyebeba karatasi njo aliona. Hatuone haya kulisema.

Mutauliza: kampuni ilifanya nini? Ilikubali kosa. Tunaandika vile kwa heshima, juu kuna zingine hazikubali. Miezi mitatu ilihesabiwa upya. Wa mwezi mumoja umelipwa. Ya miezi miwili wanatuambia itakuja. Tunangojea, lakini hatulale, juu sheria inatoa mwaka 1 tu kwa kudai mushahara, tangu siku ulipashwa kulipwa. Ukipita, deni linazeeka na kufa, hata kama fomula ya Excel iko upande wako.

Na dereva wa kaye, yule alianza mambo yote? Mukataba wake ulikuwa wa muda, uliisha mbele ya feza kutoka, na haukuongezwa. Wale walilipwa ni wale walikuwa ndani. Yeye iko nyumbani na kaye yake, na jina lake halimo tena mu tablo. Biro inasema: hatuna musitari wake. Sisi tunasema: musitari wake uko, saa 72, siku kwa siku, na mwandiko wa mukono wake. Juma hili tunaenda naye ku Inspeksio ya Kazi. Tutabeba fishi zake, tutabeba barua yetu ya kwanza na kosa lake la 8,30 ambalo tumeandika upya, na tutabeba ile kaye yenye meza za kuzidisha ku mugongo.

Mwenye kuwa na fishi za ile miezi, za ile ekipe, atuletee mbele ya siku hiyo. Hata kama mukataba wake uliisha. Kwanza huyo.